Kata Tatu, Weka Sifuri

Kazi yangu ni simu, lakini siuzi simu wala sibadilishi vioo vilivyopasuka. Mimi ndiye ninayeuambia mtambo ufanye nini na namba inapoingia. Nikiwaeleza hivyo shangazi zangu wa Butiama, huniangalia kwa huruma, kisha huniuliza kama kuna mshahara. Upo. Na ndani ya kazi hiyo kuna jambo ambalo mpaka leo linanistaajabisha, ingawa nimelifanya mara nyingi kiasi kwamba ningepaswa kuwa nimelizoea.

Namba ya mtu haina sura moja. Ukimuuliza mwenyewe atakutajia akianza na sifuri, kama sote tulivyozoea. Kampuni ya simu inapoisafirisha huivua ile sifuri na kuivika 255 ya Tanzania. Aliye nje ya nchi huongeza alama ya kujumlisha mbele yake. Ndani ya ofisi yenye simu zake, mtu huyohuyo anaweza kuitwa kwa tarakimu tatu tu, basi. Kwako wewe na mimi huyo ni mtu mmoja. Kwa mtambo ni watu wanne wasiojuana, mpaka aje mtu wa kuuandikia kanuni: ikija inayoanza hivi, kata hizi, weka hizi, ipeleke kule. Ni mistari michache. Ukikosea tarakimu moja, aliyeko Bunda anampigia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Nilipata kazi katika hospitali moja ya kanisa mjini Musoma. Ilikuwa na kliniki mbili ndogo, moja Bunda na nyingine Butiama, na uongozi ulitaka simu zote ziwe za intaneti, ili tabibu wa Butiama akibonyeza tarakimu tatu simu ilie wodini Musoma. Nililaza nyaya, nikapanda darini, nikavuta vumbi la popo. Wagonjwa walikuwa wananipita wakimtafuta fundi, na nikiwaambia fundi ndiye mimi waliniomba radhi huku wakiendelea kuchungulia nyuma yangu.

Siku tabibu wa Butiama alipobonyeza tarakimu zake tatu na muuguzi wa Musoma akaitikia palepale, nilikuwa nimesimama kando yake. Nilikulia si mbali na kliniki ile, kwenye boma ambalo habari ya msiba ililetwa na mtu kwa miguu, naye ukimwona tu anavyotembea ulijua. Sasa tabibu alikuwa anauliza kama damu ipo, na Musoma inamjibu kabla hajamaliza. Nilitoka nje nikajifanya natafuta koleo, maana machozi yalikuwa yananilengalenga na sikutaka kuulizwa.

Pale Musoma kulikuwa na mama wa simu. Hivyo ndivyo wote walivyomwita, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa geti. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi, kimebanwa na jiwe kubwa, mojawapo ya yale mawe yetu ambayo mjenzi akikutana nayo anapinda ukuta na kuendelea na safari. Alikuwa amepokea simu za hospitali ile kwa miaka mingi, kwa sauti ambayo hata mwenye hasira akiisikia alikumbuka kusalimia. Na huyo mtu, naapa, hakuwa na simu ya mkononi. Nilidhani ananitania.

"Nashikaga simu toka asubuhi mpaka jioni," aliniambia. "Nikifika nyumbani ninunue nyingine ya nini, mwanangu? Nijipigie?"

Kijana wake wa mwisho alikuwa anachimba dhahabu Buhemba. Si kwenye mgodi wenye uzio na kofia ngumu. Alikuwa kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako mtu anashushwa kwa kamba na wenzake wanabaki juu wakiomba Mungu. Kule kambini kuchaji simu ni kwa kubahatisha, kwa hiyo yake alikuwa anaizima siku nzima. Aliiwasha mara moja tu, alasiri, akishatoka shimoni, na hapo alibip hospitali. Simu ililia mara mbili ikakata. Maana yake ilikuwa: nimetoka, ni mzima. Mtambo wa zamani haukuonyesha namba ya mtu, lakini mama alimjua kwa ile milio miwili na kwa saa yake. Hakupokea kamwe, maana kupokea kungemla mtoto salio. Alingoja ikate, akasema kwa sauti, "Ametoka," na muuguzi wa mapokezi akajibu, "Haya mama, chai." Ndipo alipofungua chupa yake ya chai, ambayo ilikuwa imekaa mezani tangu asubuhi bila kuguswa, akala na kipande cha muhogo.

Huku kwetu kubip ni lugha kamili. Kule Murangi nimemwona mke wa mvuvi akiitazama simu inalia mara moja na kukata, naye akachukua beseni akaenda mwaloni bila kuuliza. Alishajua mtumbwi umefika na una samaki. Hakuna neno lililosemwa, hakuna senti iliyotoka. Nimesoma vyuoni namna ujumbe unavyobanwa ili upite kwenye waya mwembamba, lakini sijaona uliobanwa kama huo.

Basi tukafika siku ya kuwasha mtambo mpya. Katibu wa hospitali, mtu mwema anayependa sana mambo ya kisasa, alikuwa ameagiza kwamba kila anayepiga apokelewe na sauti ya kurekodi. "Tufanane na benki," alisema. Akatafutwa binti mmoja wa kwaya mwenye sauti tamu, akarekodiwa: karibu hospitalini, kwa wagonjwa wa nje bonyeza moja, kwa wodi ya wazazi bonyeza mbili. Mtambo ulipokea hata kabla mlio wa kwanza haujamaliza. Watu walijazana ofisini kwa katibu kusikiliza, wakapiga makofi. Nami nilisimama pale nimevimba kichwa.

Alasiri nilimkuta mama wa simu amekaa mbele ya simu yake mpya, nyeusi, yenye kioo. Asubuhi alikuwa amenitajia namba zote anazozijua kwa kichwa, nami nikaziingiza pamoja na majina, ya kijana wake nikaiandika "Kitinda mimba". Alikuwa amekipenda kile kitufe cha spika, maana alisema sasa ataweza kuongea huku anasuka ukili. Lakini hakuwa anasuka. Simu ilikuwa kimya na chupa ya chai ilikuwa imefungwa.

"Mama, hunywi chai?"

"Nitakunywa."

Muuguzi wa mapokezi alinivuta mkono mpaka kwenye korido. "Dada, kijana hajapiga leo," alinong'ona. "Na hajawahi kukosa."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Huwezi kumbip mtu anayepokea kabla hujakata. Kama kijana alikuwa amepiga, basi alikuwa amepokelewa na binti wa kwaya, salio lake likaliwa, na mezani kwa mama yake hakukulia kitu. Nilirudi nikamweleza. Nikamwambia labda amepiga, ila mashine imemdaka.

"Labda," mama alisema. Akachukua kapu lake akaenda nyumbani na chupa ikiwa imejaa.

Asubuhi niliingia kwa katibu kabla hajakaa sawasawa. Nilijiandaa kubishana, maana nina mdomo, na nilikuwa nimepanga maneno makali njiani. Sikuyatumia. Alinisikiliza, akavua miwani, akaitazama.

"Mama yangu yuko Suguti," alisema. "Jumapili akinibip najua ibada imeisha, nikamfuate. Siku nikipiga nikasikia bonyeza moja, bonyeza mbili, si nitachanganyikiwa? Badilisha."

Nikabadilisha. Kila simu ilie kwanza mezani kwa mama, na ikilia sana bila kupokelewa ndipo binti wa kwaya aingie. Alasiri tulikaa wawili mle chumbani, mimi nikijifanya nina kazi kwenye kompyuta yangu. Simu ikalia. Mara mbili. Ikakata.

Niligeuka na tabasamu langu lote. Mama alikuwa amekiinamia kioo.

"Hii sio yake," alisema.

Kiooni kulikuwa na namba ndefu iliyoanza na 255, bila jina lolote. Nikamwambia aangalie tarakimu za mwisho, ni zilezile alizonitajia. Akatikisa kichwa. Ya mwanawe inaanzaga na sifuri, alisema, tangu anunue hiyo laini. Kisha, kabla sijamzuia, akabonyeza kitufe cha kumrudishia mpigaji, na spika ikasema kwa sauti safi ya kike: "Namba unayopiga haipo."

Mama aliondoa kidole chake taratibu.

"Mama, ni mtambo tu, mimi ndiye..."

"Mtoto yuko kwenye shimo," alisema. "Halafu naambiwa haipo."

Nilijaribu kueleza, na nadhani sijawahi kueleza vibaya kama siku ile. Nilimwambia kampuni inayotuletea simu za Musoma huileta namba ikiwa imevaa 255, tofauti na ile ya Bunda inayoileta na sifuri, na kanuni nilizoandika zilikuwa za Bunda. Mtambo umeipokea ilivyo, haukumkuta mtu wa namna hiyo katika majina yetu, ukairudisha nje ilivyo, na huko nje nako hawakuitambua. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kama ni yeye, kwa nini isimjue?" aliuliza. "Mbona mimi namjua?"

Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta ule uliopinda kwa ajili ya jiwe, nikaandika kanuni. Inayoingia ikianza na 255, kata tatu za mwanzo, weka sifuri, ndipo itafute jina. Mstari mmoja. Nikatoka nje, nikapiga kwa simu yangu, na mama akapaza sauti dirishani kwamba jina langu limetokea. Tukajaribu kumpigia kijana kwa ile sifuri yake. Haipatikani kwa sasa, wakatuambia.

"Hiyo ya haipatikani naijua," mama alisema. "Ameshaizima." Lakini hakufungua chupa. Namba aliyoiona haikuwa na jina, na yeye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusadiki nusu nusu. Alijifunga kanga akaondoka.

Usiku ule mvua ilinyesha kama inalipiza. Asubuhi mama mmoja aliyeleta mtoto kuchanjwa alisema pale mapokezi, bila kujua anasema mbele ya nani, kwamba Buhemba mashimo yameingia maji na kuna watu hawajulikani walipo. Habari za mashimo hufika mjini zikiwa hazina majina. Muuguzi akamkatisha kwa kumuuliza kadi ya mtoto, lakini mlango wa chumba cha simu ulikuwa wazi.

Siku hiyo nilitakiwa niwe Bunda. Sikwenda. Mama alipokea simu zote za asubuhi kwa sauti yake ileile, hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani, na katikati ya simu na simu alikaa ameshika mikono yake miwili mapajani. Ilipofika alasiri watu walianza kuingia mle ndani na visingizio. Muuguzi alikuja kutafuta kalamu. Mlinzi alikuja kuuliza saa. Katibu alikuja akasimama mlangoni, hakusingizia chochote.

Simu ikalia, na kioo kikaandika: Kitinda mimba.

Nataka niseme nilivyojisikia, hata kama kuna watakaonicheka. Nilijisikia kama niko kanisani. Nilijua njia yote ambayo ile namba imepita. Ilitoka Buhemba kwenye kilima chenye mashimo, ikarushwa mnarani, ikaenda Dar es Salaam kwenye mitambo ya watu wasiomjua mama huyu wala shimo lile, ikavuliwa, ikavikwa, ikarudishwa ikivuka nchi nzima mpaka Musoma, ikafika kwenye mstari wangu mmoja, zikakatwa tatu, ikawekwa sifuri, na ikatokea hapa ikiwa na jina ambalo mama mmoja tu duniani ana haki ya kumwita mtu huyu. Yote hayo kabla mlio wa kwanza haujaisha. Mimi ndiye niliyeandika mstari ule na bado sikuamini.

Ikalia mara ya pili. Tukangoja ikate.

Ikalia mara ya tatu.

Hakuna aliyejongea. Kwa miaka yote ile mlio wa tatu haukuwahi kuwepo. Aliyetoka shimoni hubip na kukata. Anayeacha simu iendelee kulia ni mtu mwenye jambo la kusema, na akiwa ameshika simu ya mwingine, jambo lenyewe hujulikana. Sote tuliliwaza. Ikalia mara ya nne. Na mimi peke yangu mle ndani nilijua kwamba punde tu binti wa kwaya angeingia.

"Mama, pokea."

"Siwezi."

"Mama, mashine itamchukua. Pokea!"

Alinyoosha kidole, akakosa kitufe, akanyoosha tena. Spika ikafunguka. Kwanza tulisikia upepo, na kuku. Kisha sauti ya kijana, ya mtu anayezungumza na ofisi asiyotaka kuikosea heshima.

"Shikamoo. Samahani, naulizaga tu kidogo. Juzi nimepiga hapo akapokea dada mmoja, nikamsemesha hanijibu, anasema tu bonyeza, bonyeza. Jana nikabip nikakata, nikaogopa kusikiliza. Sasa nauliza. Yule mama anayepokeaga simu hapo, wa siku zote. Bado yupo? Ni mzima?"

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilimtazama katibu, katibu akatazama sakafu. Siku zote zile tulikuwa tumeelekeza macho Buhemba. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba kule nako kuna mtu alitoka shimoni na uchafu wake, akawasha simu, na mahali pa mama yake akamkuta mwanamke mwingine.

"Haloo?" kijana alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwama. "Leo sijashuka. Wenzangu wanatoa maji, mimi nimeshindwa, nimewaambia siwezi kushuka nikiwa sijui. Niambieni tu. Hata kama ni vibaya, niambieni."

"Ni mimi, baba," mama alisema.

Nikakagua kiooni kama simu haijakatika. Kisha kutoka upande wa pili tukasikia kishindo kidogo, kama mtu aliyekaa chini ghafla, na baada yake kilio cha mtu mzima asiyejali anasikiwa na nani. Muuguzi alitoka nje. Mlinzi alivua kofia.

Mama alijifuta uso kwa pindo la kanga, akaisogelea simu, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kali kidogo, ya mama mwenye mtoto anayechelewa kuamka.

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale. Unamaliza salio."

"Liishe tu, mama," kijana alisema. "Wewe ongea."